Mdalasini wangu mwekundu unaoteleza ni feki? Na mtoto nimeshampa miezi miwili

"Habari mtaalamu. Nina mdalasini wa unga kama nusu kilo, niliununua wa kupima, mfuko hauna maandishi yoyote. Miezi miwili sasa naweka kijiko cha chai kizima kwenye uji wangu kila asubuhi maana nilisikia unashusha sukari, na mwanangu wa miaka minne (ana kilo 15) namuwekea nusu kijiko sababu anapenda harufu. Juzi shemeji kanambia mdalasini halisi ni wa Ceylon tu, mwingine wote ni feki una kumarini na unaua ini. Nikaangalia wangu, mwekundu mwekundu, mkali, na uji ukikaa kidogo unateleza kama bamia. Nimeogopa. Niutupe? Nikiuchemsha sana hiyo kumarini si inaisha? Na mama yangu anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, aache kabisa mdalasini? Mimi sina ugonjwa, sukari nilipima iko kawaida, nilikuwa nataka tu kujikinga."

Dada yangu pole kwa hofu, na asante kwa kueleza vizuri, maana hiyo rangi na huo utelezi umenirahisishia kazi. Nianze na jibu la haraka halafu twende taratibu. Hujauziwa feki. Ulichonacho kwa dalili ulizonipa ni kasia, na kasia ni mdalasini. Ila nusu kijiko kila siku kwa mtoto wa kilo 15 ni nyingi, hiyo isimamishe leo. Ya kwako wewe imevuka mstari kidogo tu, nayo tutaipunguza. Shemeji hajakudanganya, kakupa tu kipande cha habari kikiwa kimekatwa vibaya.

Mdalasini siyo mti mmoja. Ni jamii nzima ya miti inayoitwa Cinnamomum, ndugu zake wa mbali ni parachichi, na kinachouzwa duniani kinatoka hasa kwenye miti minne. Wa kwanza ni Cinnamomum verum, asili yake Sri Lanka, nchi iliyokuwa ikiitwa Ceylon mpaka 1972, na siku hizi unalimwa pia Madagaska na Shelisheli. Hiyo mingine mitatu ndiyo watu wanaiweka kapu moja na kuiita kasia: upo wa China, upo wa Indonesia ambao unatoka sana kisiwa cha Sumatra, na upo wa Vietnam ambao una mafuta mengi ya harufu na ukali wake unasikika hadi puani. Kwa wingi kasia ndiyo imejaa kwenye masoko mengi, kwa hiyo mtu akinunua unga usio na jina, aseme tu moyoni kwamba kanunua kasia mpaka athibitishiwe vinginevyo. Na siyo wizi, Marekani kwa mfano sheria inaruhusu yote minne kuuzwa kwa jina la mdalasini bila tatizo.

Ungekuwa na vijiti badala ya unga usingenihitaji mimi. Chukua kijiti cha Ceylon kitazame mdomoni, pale kilipokatwa: utaona matabaka mengi membamba yamejazana ndani kwa ndani, rangi ya kahawia iliyopauka, ukibana kwa vidole viwili kinavunjika na kumwaga vumbi mkononi. Kasia ni gome moja nene, limejikunja kutoka pande mbili kuja katikati, jekundu la giza, na gumu kiasi kwamba mashine ndogo ya kusagia inaweza kukwama. Hiyo tofauti inatokana na uchunaji. Mti wa Ceylon unakatwa karibu na ardhi ili uchipue matawi mengi membamba, yakifikisha kama miaka miwili yanakatwa baada ya mvua, wakati gome linaachia kirahisi. Mchunaji anaparua ngozi ya nje yote anaitupa, anasugua tawi kwa fimbo ya shaba mpaka gome la ndani lilegee, analichana kwa kisu kidogo na kulibandua zima zima, halafu vipande vinaingizwa kimoja ndani ya kingine mpaka inatoka fimbo ya karibu mita moja inayokaushwa kivulini. Yote hiyo ni kazi ya mikono ya watu wenye ujuzi, na ndiyo maana bei yake iko juu. Kasia haina mambo mengi hivyo, gome linabanduliwa likiwa nene na linajikunja lenyewe likikauka.

Na hii stori ya "halisi" na "feki" mimi huwa naisikiliza kwa sikio moja, sababu mdalasini umezungukwa na maneno ya wafanyabiashara tangu zamani sana. Herodotus, yule mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba vijiti vya mdalasini vinabebwa na ndege wakubwa kujengea viota kwenye majabali, na Waarabu wanawatupia nyama nzito ili viota vianguke wakaokote. Karne kadhaa baadaye Plinius, mwandishi wa Roma, akasema wazi hizo ni hadithi za kupandishia bei. Wareno wakafika Sri Lanka 1505, Waholanzi wakawatoa 1658, Waingereza nao wakaja 1796, na kila mmoja alikuwa anaulinda mdalasini kama mali ya serikali. Kwa hiyo mtu akikwambia wake tu ndiyo wa kweli, sikiliza, lakini jiulize anauza nini.

Sasa tuje kwenye kumarini, maana hapa shemeji ana hoja.

Kumarini ni kemikali ya asili, ipo kwenye mimea mingi, harufu yake ni ya nyasi zilizokatwa zikaanza kukauka. Mdalasini wa Ceylon unayo kidogo mno, karibu na hakuna. Kasia inayo nyingi, ila inatofautiana vibaya sana, hata vijiti vya mti mmoja vinaweza kupishana. Ukiila inakwenda kwenye ini na ini linaivunja kwa njia zaidi ya moja. Kwa watu wengi njia kuu ni ile salama, kimeng'enya fulani kinaigeuza kuwa kitu kisicho na shida na inatoka kwenye mkojo ndani ya siku. Njia ya pili inazalisha kitu kinachochoma seli za ini, na panya wa maabara wanatumia zaidi hii ya pili, ndiyo maana majaribio ya panya yalitisha watu mpaka Marekani wakapiga marufuku kuongeza kumarini kwenye vyakula mwaka 1954. Binadamu tuko afadhali, lakini wapo wachache ambao ini lao halivumilii hata kiasi cha wastani, na mtu hajijui kama yumo kwenye hao wachache mpaka vipimo vya ini vipande. Habari njema ni kwamba kwa kawaida wakiacha kutumia ini linarudi sawa.

Sasa kiasi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, iliweka kwamba mtu anaweza kula kila siku, maisha yake yote, miligramu 0.1 ya kumarini kwa kila kilo ya uzito wake bila wasiwasi. Taasisi ya Ujerumani inayoshughulika na mambo hayo, BfR, inakadiria kasia kwa wastani ina miligramu 3 kwenye kila gramu. Piga hesabu: mtu mzima wa kilo 60 mwisho wake ni miligramu 6, sawa na gramu 2 za unga wa kasia. Kijiko cha chai kilichosawazishwa juu kinabeba gramu 2 na nusu hivi, kikiwa na kilima kinazidi, kwa hiyo wewe umevuka kidogo kila siku. Mtoto wa kilo 15 mwisho wake ni miligramu 1.5, yaani nusu gramu ya unga, na wewe ulikuwa unampa zaidi ya gramu moja, kama mara mbili na nusu ya kiwango.

Usishtuke, ngoja nimalizie. Kiwango hicho siyo ukuta kwamba ukivuka unaanguka, kimewekwa chini kwa makusudi ili kibebe na wale wenye ini dhaifu, na EFSA hao hao walisema mtu akizidisha hata mara tatu kwa wiki moja au mbili siyo jambo la hatari. Shida yako ni kwamba mmekwenda miezi miwili mfululizo. Kwa hiyo mtoto acha kumpa, na ukienda kliniki mwambie daktari ukweli kama ulivyoniambia mimi, kiasi na muda, yeye ataamua kama kuna haja ya kupima ini. Ila ukiona macho yake yana umanjano, mkojo umekuwa mweusi wa chai, kinyesi kimepauka, anatapika au amekataa chakula na kuchoka bila sababu, hapo usisubiri siku ya kliniki wala usiniandikie mimi, mpeleke siku hiyo hiyo. Na dalili hizo zikikupata wewe, ni hivyo hivyo.

Kuhusu kuchemsha, hapana, kumarini haiishi kwa moto wa jikoni, inastahimili vizuri tu. Kinachosaidia ni jinsi unavyoutumia. Unga unaumeza wote na kila kilichomo. Kijiti ukikichemsha halafu ukakitoa, unakunywa ile sehemu tu iliyotoka kwenye maji na nyingine inabaki kwenye gome. Harufu unaipata, mzigo unapungua.

Mama yako sasa. Hapa kuna mkanganyiko mkubwa na unasababishwa na majina kufanana. Kuna dawa maarufu ya kuzuia damu kuganda inaitwa warfarini, watu wanasikia kumarini, warfarini, wanasema ni kitu kimoja. Siyo. Miaka ya 1920 kule Amerika Kaskazini ng'ombe walianza kufa kwa kutokwa damu baada ya kula majani makavu ya klova tamu yaliyooza. Klova ile ina kumarini, na ikiwa nzuri ng'ombe wanakula hawapati kitu. Ukungu ndio uliokuwa unaigeuza kumarini kuwa kemikali nyingine, dikumaroli, ambayo ndiyo inazuia damu kuganda, na kutokana na utafiti huo ikaja kutengenezwa warfarini, ambayo kabla haijawa dawa ya watu iliingia sokoni 1948 kama sumu ya panya. Kwa hiyo kumarini yenyewe iliyoko kwenye mdalasini haizuii damu kuganda.

Lakini bado namwambia mama awe mwangalifu, kwa sababu tofauti: kama dawa yake ni warfarini, hiyo inavunjwa na ini, na chochote kinacholisumbua ini kinaweza kuvuruga majibu ya kipimo chake cha INR, kile kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Kijiti kwenye mchuzi wa familia hakina neno. Vijiko kila siku, au vile vidonge vya mdalasini vinavyouzwa kama lishe, hapana, mpaka daktari anayemfuatilia ajue. Na dawa yake asiipunguze wala kuiacha kwa sababu ya kitu alichosoma mahali, pamoja na haya ninayoandika.

La sukari nitalipitia haraka. Mwaka 2012 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia majaribio ya tiba, walikusanya majaribio 10 yenye watu 577 wenye kisukari, hitimisho lao ni kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuunga mkono mdalasini kama tiba. Yapo majaribio madogo yaliyoonyesha nafuu na yapo yasiyoonyesha kitu. Wewe sukari yako iko kawaida kwa hiyo huo uji hukuwa unajikinga na chochote dada, ulikuwa unakula kiungo. Ukiupenda ule kwa sababu ni mtamu, hiyo sababu inatosha.

Tuje jikoni sasa, maana huku ndiko mdalasini unakostahili kuongelewa. Huo utelezi unaokuchukiza ni ute na wanga uliomo kwenye gome, ukikutana na maji unavimba, na kasia inao mwingi kuliko Ceylon. Unga ukiutia kwenye kitu cha majimaji na kukiacha kikae, utelezi ni lazima. Njia za kuukwepa zipo: tumia kijiti badala ya unga, au weka unga kidogo mwishoni kabisa ukila papo hapo, au uchanganye kwanza na siagi au mafuta mengine ndipo uingize kwenye uji. Hii ya mafuta ndiyo naipenda zaidi, kwa sababu kemikali inayoupa mdalasini ule ukali, sinamaldehaidi, inayeyuka vizuri kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Na unga ukiumwaga juu ya maziwa unaelea tu juu unakuangalia. Vijiti navyo ukivitia kwenye mafuta ya moto mwanzo wa mapishi, vikaanza kunukia na kufunguka kidogo, ladha inasambaa sufuria nzima kuliko ukivitupia kwenye mchuzi uliokwisha jaa maji. Unga usiukaange hivyo, unaungua ndani ya sekunde na unaleta uchungu.

Kasia ni ya vitu vizito. Nyama inayochemka masaa, maharage, supu za mifupa, mahali ambapo kuna pilipili manga, karafuu na tangawizi zinazogombea nafasi, yeye ndiye atasikika. Wachina wanaitia kwenye mchanganyiko wao wa viungo vitano, Wavietnamu kwenye ile supu ya tambi wanaita pho, na mdalasini wa Ceylon ukiuweka mle utapotea kabisa, utakuwa umechoma hela. Ceylon ni mpole, una kautamu na kaharufu kanakokaribia karafuu kwa mbali, huo mpe vitu vya maziwa, matunda ya kupika, krimu, vinywaji, vitu ambavyo ulaini ndiyo uzuri wake. Wamexico wanaupenda huo hasa, kwenye chokoleti ya kunywa na wali wa maziwa. Ukibadilishana, kasia weka pungufu ya ulivyoambiwa kwa Ceylon, anza na nusu halafu onja. Na kwenye mikate ya hamira usiukande mwingi ndani ya kinyunya, sinamaldehaidi inaibana hamira na mkate unachelewa kuumuka, utandaze pamoja na sukari katikati ndipo ukunje.

Kuna jambo hukuniuliza na mimi naliogopa kuliko kumarini: unga usiojulikana ulikotoka. Mwishoni mwa 2023 Marekani waliondoa sokoni vipakiti vya tofaa lililosagwa vya watoto, watoto wamekutwa na madini ya risasi kwenye damu, na mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, ikagundua chanzo ni unga wa mdalasini uliowekwa ndani. Ulikuwa na risasi pamoja na madini mengine yanayoitwa kromiamu, dalili ya rangi ya kiwandani ya risasi ambayo mtu akiichanganya inaongeza uzito na kung'arisha unga. Visa vilivyoripotiwa vilikuwa mamia. Mwaka uliofuata FDA wakaendelea kutoa maonyo kwa mdalasini mwingine wa unga wenye risasi. Na hiyo haina uhusiano na Ceylon au kasia, uchafu unaweza kuingia kwa yeyote, huuoni kwa macho wala hauna ladha. Kijiti kizima ni vigumu zaidi kukichakachua, na kwa mtoto mdogo mimi ningetumia hicho tu, au unga wa kampuni iliyoandika jina lake, nchi ulikotoka na tarehe.

Kuna jaribio la iodini watu wanalisambaza, unatonesha kwenye unga, kasia inageuka bluu ya giza kwa sababu ya wanga na Ceylon haibadiliki sana. Lina ukweli lakini mtu akichanganya wote wawili halikuambii kitu, na kuhusu risasi halikuambii chochote kabisa.

Kwa hiyo mfuko wako. Kwa ajili ya kumarini peke yake nisingeutupa, ungetumika taratibu kwenye mapishi ya wakubwa, chini ya kijiko kwa sufuria ya watu wengi, siyo kila siku. Lakini kwa vile hauna jina wala asili, na mtoto ameula miezi miwili, ukienda kliniki muulize daktari pia kuhusu kipimo cha risasi kwenye damu, ni kipimo cha kawaida na kwa umri wa miaka minne ni bora kujua kuliko kukisia. Usiumwage kabla hujamwona, beba kidogo kwenye karatasi uende nao, majibu yakija mabaya watataka kuupima. Yakija mazuri, fungua mfuko unuse: kama harufu bado inapanda yenyewe upikie nyama ya wakubwa, kama ni mpaka uingize pua ndani basi umeshachoka, mwaga ununue vijiti.